Dk. Albert Cook wa Mengo: Daktari Aliyeandika Alichokiona



Safari hii tumeona yafaa tumkumbuke daktari mpasuaji Albert Cook, aliyefanya kazi ya kuponya watu katika kilima cha Namirembe, Uganda, tangu mwaka 1897 hata alipostaafu mwaka 1934. Huenda wako watakaouliza, mtu wa Uganda anatuhusu nini sisi wa Kongwa? Anatuhusu sana. Chama kilichomtuma, yaani CMS, ndicho kilichowaleta wamisionari wa kwanza wa Kianglikana huku kwetu Ugogo. Tena, njia ya kwanza ya kwenda Uganda ilipita hapa jirani. Mwaka 1876 kikosi cha kwanza cha CMS kilitoka pwani kikapitia Mpwapwa kuelekea ziwa kubwa. Katika kikosi hicho alikuwamo daktari mmoja, John Smith. Daktari huyo hakuiona Uganda. Alifariki mwezi wa Mei 1877 huko Kagei, kusini mwa Ziwa Victoria, kabla hajavuka maji. Baadaye alikuwako daktari mwingine aliyekaa Uganda muda mfupi tu. Hivyo ilipita miaka ishirini kamili tangu kifo cha Dk. Smith hata kazi ile aliyokuwa ameiendea ilipopata mtu wa kudumu nayo. Mtu huyo ndiye Albert Cook.

Watu wengi wanaomtaja humsifu kwa kisu chake cha kupasulia. Sisi tunaomba leo tutazame jambo jingine, dogo machoni pa watu: daktari huyu aliandika. Kila mgonjwa aliyelazwa kwake aliandikiwa habari zake. Tutaona jinsi kazi hiyo ya kalamu ilivyozaa matunda hata baada ya yeye kuzikwa, na jinsi ilivyosaidia watu wengine kutambua hata pale alipokosea yeye mwenyewe.

Kuzaliwa na Kuitwa

Albert Ruskin Cook alizaliwa tarehe 22 Machi 1870, Hampstead, katika mji wa London. Alisoma shule ya St Paul's, kisha akaingia Trinity College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na baada ya hapo akajifunza udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, London. Hospitali hiyo ni ya zamani sana, nayo ilikuwa na waalimu wakubwa wa upasuaji. Kijana aliyemaliza masomo yake pale aliweza kutazamia maisha mazuri nchini mwake, kuwa na nyumba ya heshima na wagonjwa wenye fedha.

Yeye alichagua kwenda mbali. Siku zile wanafunzi wengi wa Cambridge walikuwa wameguswa na mwito wa kupeleka Injili ng'ambo, na Cook alikuwa mmoja wao. Alijitoa kwa CMS naye akapangiwa Uganda. Tukumbuke kwamba Uganda ya miaka ile haikuwa mahali pa amani. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliuawa njiani katika nchi ya Busoga, na mwaka 1886 vijana Wakristo wa Buganda, Waanglikana na Wakatoliki, walichomwa moto Namugongo. Hakuna aliyeweza kumwambia Cook kwamba anakwenda mahali pa kupumzika.

Safari ya Miguu

Mwaka 1896 Cook alifika Mombasa pamoja na kundi la wamisionari. Kiongozi wao alikuwa George Pilkington, yule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kiganda. Katika kundi hilo alikuwamo pia muuguzi, Bibi Katharine Timpson, aliyezaliwa mwaka 1863. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujengwa, nayo haikufika Kisumu mpaka mwaka 1901. Kwa hiyo safari ilikuwa ya miguu na ya wapagazi, kupita nyika, kupanda milima ya Kikuyu, kushuka Bonde la Ufa na kupanda tena hata ziwani. Dawa, vyombo vya kupasulia, vitabu na bandeji, vyote vilichukuliwa vichwani pa watu. Yafaa tuwakumbuke wapagazi hao, ingawa majina yao hayakuandikwa popote tunapoweza kuyasoma. Bila vichwa na miguu yao hospitali ya Mengo isingalikuwako.

Mwezi wa Februari 1897 msafara ulifika Mengo, makao ya Kabaka. Hazikupita siku nyingi, Dk. Cook akafungua zahanati katika kijumba cha udongo na nyasi. Habari zikaenea upesi. Watu walikuja kwa miguu, wengine wakabebwa machelani, wengine mgongoni mwa ndugu zao: wenye vidonda vya miaka mingi, wenye ngiri, wenye mtoto wa jicho, wenye majipu, wenye mifupa iliyovunjika ikaunga vibaya. Mwezi wa Mei mwaka ule ule hospitali ndogo ilifunguliwa. Nayo pia ilijengwa kwa miti, matete na kuezekwa nyasi.

Hebu tufikiri kazi yenyewe ilivyokuwa. Upasuaji wataka maji safi, mwanga, mikono iliyooshwa vema na vyombo vilivyochemshwa. Mtu akipasuliwa mahali penye uchafu, kisu humponya leo na kidonda humwua kesho kutwa. Cook alikuwa amejifunza wakati ambapo madaktari wa Ulaya walikuwa wamekwisha kutambua kwamba vijidudu ndivyo vinavyooza vidonda. Ilimbidi ajifunze kuyatimiza hayo katika nyumba ya matete, ambamo vumbi huanguka kutoka darini na maji huchotwa bondeni. Bibi Timpson ndiye aliyesimamia wodi, usafi na wauguzi. Mwaka 1900 wawili hao walifunga ndoa. Kabla ya hapo, mwaka 1899, ndugu yake John Cook, ambaye naye alikuwa daktari mpasuaji, alifika kumsaidia.

Siku za Vita na Moto

Mwaka wa kwanza wa hospitali ulikuwa mwaka wa vita. Julai 1897 Kabaka Mwanga aliwaasi Waingereza akatoroka. Septemba mwaka huo askari wa Kinubi waliotumikia serikali ya Kiingereza nao wakaasi, wakajifungia katika boma la Luba's huko Busoga. Dk. Cook alikwenda na majeshi ili kutibu majeruhi. Pilkington naye alikwenda, naye akapigwa risasi akafa huko mwezi wa Desemba 1897. Hivyo mwaka haujaisha, yule aliyewaongoza kutoka Mombasa alikuwa amekwisha kuzikwa. Cook alirudi Mengo akaendelea na kazi.

Mwezi wa Novemba 1902 radi ilipiga hospitali. Paa la nyasi likashika moto, na jengo ambalo watu walikuwa wamelijenga kwa jasho lao likateketea. Baada ya moto huo hospitali mpya ilijengwa, imara kuliko ile ya kwanza, nayo ikaanza kutumika mwaka 1904. Mwaka 1907 Mengo ilipata mashine ya eksirei, jambo lililokuwa geni kabisa katika nchi za Afrika ya Mashariki wakati huo.

Malale

Katika miaka hiyo ugonjwa wa kutisha uliingia kandokando ya ziwa. Mwaka 1901 ndugu wawili Cook walitambua hapo hospitalini wagonjwa wa kwanza wa malale. Mgonjwa alianza kwa homa na uchovu, akakonda, akasinzia akiwa anakula, hata mwisho akalala asiamke. Watu wa Busoga na Buganda na wa visiwani walikufa kwa maelfu na makumi ya maelfu. Inakadiriwa kwamba katika miaka michache walikufa zaidi ya watu 200,000.

Sisi watu wa mifugo twamjua mbung'o, kwa kuwa ametuulia ng'ombe wengi, lakini siku zile hakuna aliyekuwa amejua kwamba ndiye anayeleta malale kwa binadamu. Wataalamu walitumwa kutoka Uingereza kuchunguza. Mwaka 1903 Castellani na Bruce walionyesha kwamba mdudu mdogo sana aonekanaye kwa hadubini ndiye chanzo, na mbung'o ndiye mchukuzi wake. Lakini wangalianza wapi kama daktari wa Mengo hangaliona mapema kwamba huu si ugonjwa wa kawaida, na kuuandika? Baadaye, tangu mwaka 1906, serikali iliwahamisha watu kutoka kandokando ya ziwa. Hospitali haikuwa na dawa ya kuponya malale wakati huo. Daktari aliwatunza, akawaombea, akaandika alichokiona.

Namna Alivyoandika

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Tangu siku za mwanzo Dk. Cook alishika desturi moja asiyoiacha. Kila mgonjwa aliyelazwa alikuwa na karatasi yake. Juu yake yaliandikwa jina na mahali alipotoka, ugonjwa aliokuja nao, hali iliyoonekana mwilini, matibabu aliyopewa, na mwisho wake: amepona, amepata nafuu, au amekufa. Karatasi hizo hazikutupwa mgonjwa alipokwenda kwao. Zilikusanywa na kuhifadhiwa mwaka baada ya mwaka.

Wale waliopata kufundisha wajua jinsi jambo hili lilivyo gumu. Daftari la mahudhurio ni kazi nyepesi siku ya Jumatatu asubuhi, lakini siku ya Ijumaa jioni, mtu amechoka na watoto wamekwisha kutawanyika, mkono huwa mzito. Tumfikirie mtu aliyekwisha kupasua tangu asubuhi, akaona wagonjwa wa nje kwa mamia, akaongoza sala katika wodi, na usiku akaketi penye taa kuandika habari za mwanamke mmoja aliyetoka kijiji cha mbali. Mtu mwenye haraka angesema kwamba mwanamke huyo hajulikani na mtu yeyote, basi kwa nini aandikwe? Cook alimwandika. Kwake yeye mgonjwa huyo alikuwa na jina mbele za Mungu, na kwa hiyo alistahili kuwa na jina katika kitabu cha hospitali.

Ili aweze kuandika kweli, ilimpasa kwanza aelewe mgonjwa anasema nini. Kwa hiyo alijifunza Kiganda, akakijua hata akaweza kuhubiri kwacho, tena akatunga kitabu cha maneno ya udaktari kwa Kiganda ili madaktari wageni wapate kuuliza na kujibiwa. Tangu zamani tumewaona wageni wengi wakija kutusaidia pasipo kutuuliza neno. Hapa Kongwa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wazee wetu walitusimulia mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, ulioletwa na serikali ya Kiingereza kwa matrekta, meli na fedha nyingi mno. Wenyeji wa Ugogo walijua kwamba mvua ya hapa haiaminiki, na kwamba udongo wake hukauka ukawa kama saruji. Mambo hayo hayakupimwa ipasavyo kabla ya kazi kuanza. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba imeuacha. Mwaka huo huo ndio aliofariki Dk. Cook. Mradi ulianza na mamilioni ukaisha katika miaka minne. Hospitali ilianza na kijumba cha nyasi, nayo ipo mpaka leo.

Pale Alipokosea

Sasa tumefika mahali ambapo waandishi wengi wa habari za watu wema hupita upesi. Sisi hatutapita, maana Maandiko Matakatifu yenyewe hayakuficha makosa ya Daudi wala ya Petro.

Katika miaka ya kwanza ya karne ile Dk. Cook aliona wagonjwa wengi mno wenye vidonda na dalili alizozichukua kuwa za kaswende. Akasema na kuandika kwamba ugonjwa huo umeenea sana katika Buganda na unawamaliza watu. Mwaka 1907 daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, alikuja kuchunguza. Naye akatangaza hesabu za kutisha, kwamba mahali pengine sehemu kubwa sana ya watu wameambukizwa. Habari hizo zilisomwa Ulaya, na Waganda wakasemwa vibaya, kana kwamba ni taifa lililoharibika tabia. Serikali ikaweka mpango wa kupima watu na kuwatibu, na machifu wakautilia nguvu. Mwaka 1913 kituo cha matibabu kilifunguliwa Mulago. Katika mpango huo watu walilazimishwa kupimwa, wanawake pia, kwa namna iliyowavunjia heshima. Waganda walilalamika, nao walikuwa na haki ya kulalamika.

Baadaye madaktari waliotazama tena habari hizo walionyesha kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa ule haikuwa kaswende ya uasherati. Mwingi ulikuwa buba, na mwingine namna ya kaswende ambayo watoto huambukizana kwa kugusana na kwa kutumia vyombo pamoja, hasa mahali penye umaskini na uhaba wa maji. Magonjwa haya yanafanana sana, na vipimo vya siku zile havikuweza kuyatenganisha. Hivyo watu wengi walihesabiwa kuwa wenye dhambi kwa sababu ya ugonjwa walioupata utotoni, wasiojua hata walivyoupata.

Je, tumhukumu Dk. Cook? Tuseme kweli tu. Aliyoyaona kwa macho, yaani vidonda, mifupa iliyoharibika, mimba zilizotoka na watoto waliokufa, yalikuwa kweli. Aliyoyaongeza juu yake, yaani sababu, hayakuwa kweli yote. Alitoka katika nchi ambayo ugonjwa kama ule ulikuwa na maana moja, akaichukua maana hiyo akaiweka juu ya watu wengine. Hata mtu mwema, mwenye sala na elimu, aweza kuwaumiza watu akiwa mwepesi kufasiri maisha yao. Jambo hili latuhusu sisi wa kanisa kuliko wengine wote. Ni mara ngapi tumemwona binti amekonda, au kijana amekaa mbali na meza ya Bwana, nasi tumekwisha kumpa sababu kabla hatujamwuliza? Miaka ya karibuni, ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia katika nyumba zetu, wengi walisemwa hivyo hivyo, na wengine wakafa wakiwa na aibu ambayo haikuwa yao.

Kuwafundisha Wengine

Lakini haki inatutaka tuseme pia kwamba Dk. Cook na mkewe hawakuishia katika kulalamika kwamba watoto wanakufa. Waliona kwamba daktari mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi kufika kwa kila mama anayejifungua kijijini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza hospitali ya Mengo ilitibu askari na wapagazi wa vita. Ni wakati ule ule ambapo huku kwetu wamisionari wa CMS walikamatwa na Wajerumani, na baada yake njaa ya Mtunya ikawamaliza watu wa Ugogo. Katikati ya shida hizo, mwaka 1917, Cook alianzisha mafunzo ya wasaidizi wa matibabu Waafrika. Baada ya vita Bibi Katharine Cook aliongoza shule ya wakunga, iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa Uganda wa wakati huo. Mabinti wa Kiganda walijifunza pale usafi, mimba, kuzalisha na kutunza watoto wachanga, kisha wakatumwa katika vituo vya vijijini. Bwana na Bibi Cook waliwatungia kitabu cha ukunga kwa Kiganda, ili mwanafunzi asome kwa lugha anayoota nayo usiku.

Si watu wote waliopendezwa. Wako Wazungu waliodhani kwamba Mwafrika hawezi kujifunza udaktari. Cook hakukubaliana nao. Mafunzo ya udaktari yalistawi baadaye Mulago na Makerere chini ya serikali, na kutoka Makerere walitoka madaktari wengi wa kwanza wa Afrika ya Mashariki. Hata sisi wa Tanganyika tulipeleka vijana wetu huko kusomea udaktari, mpaka shule ya udaktari ilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Kwa njia hiyo kijumba cha nyasi cha Namirembe kilituletea baraka hata sisi.

Uzee na Kufa

Serikali ya Uingereza ilimheshimu, na mwaka 1932 akapewa cheo cha Sir. Mwaka 1934 alistaafu. Wengi wa rika lake walirudi kwao wakistaafu, lakini yeye alibaki, akakaa katika nyumba yake kilimani Makindye, Kampala. Mkewe, aliyekuwa mwenziwe wa safari tangu Mombasa, alifariki mwaka 1938. Mwaka 1945 Cook alitoa kitabu cha kumbukumbu zake za Uganda. Tarehe 23 Aprili 1951 akaitwa na Bwana, mwenye umri wa miaka 81. Alizikwa Namirembe, karibu na kanisa kuu, mahali ambapo mtu akisimama aweza kuiona hospitali.

Karatasi Zilizosema Baada ya Kifo

Habari yake haikuishia kaburini. Mwaka 1957 daktari mpasuaji mwingine, Denis Burkitt, Mkristo aliyefanya kazi Mulago, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe mkubwa katika mataya. Baadaye akaona mwingine, na mwingine. Akatambua kwamba ni aina moja ya kansa ya watoto, akaieleza mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati akiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi inaonekana. Kansa hiyo leo yaitwa kwa jina lake duniani kote, na watoto wengi wanaowahi matibabu hupona.

Swali moja lilizuka: je, ugonjwa huu ni mpya, au ulikuwako tangu zamani? Hospitali nyingi za Afrika hazikuweza kujibu, kwa kuwa hazikuwa na maandishi. Mengo iliweza. Wataalamu walizifungua karatasi za Dk. Cook, wakakuta watoto wenye uvimbe wa mataya wameandikwa tangu miaka ya mwanzo. Mwaka 1964 walitoa taarifa juu ya kansa katika Uganda iliyotegemea kumbukumbu za Mengo za tangu 1897 hadi 1956, karibu miaka 60. Ni nadra kupata kumbukumbu za namna hiyo katika Afrika nzima. Cook hakujua jina la ugonjwa ule wala dawa yake. Yamkini watoto wale wote walikufa mikononi mwake. Lakini alimwandika kila mmoja, na watoto wale waliokufa wakawa mashahidi kwa ajili ya watoto wa baadaye.

Leo maktaba ya shule ya udaktari ya Makerere inaitwa kwa jina la Albert Cook. Tumeona heshima hiyo inamfaa kuliko sanamu.

Twajifunza Nini?

Ndugu wapendwa, wengi wetu si madaktari. Lakini kila mmoja wetu ana daftari lake. Makanisa yetu yana vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Katika mitaa mingine vitabu hivyo vimejazwa vizuri tangu siku za Wajerumani. Katika mingine kurasa zimeachwa tupu, au zimenyeshewa, au zimeliwa na mchwa. Siku kijana anapohitaji kuthibitisha kuzaliwa kwake, au mjane anapodaiwa athibitishe ndoa yake mbele ya ndugu wa mume, ukurasa mtupu ni dhuluma. Makatibu na wainjilisti waliopewa kalamu wasione kwamba wamepewa kazi ndogo.

Vivyo hivyo akina mama wanaokwenda kliniki wazitunze kadi za watoto wao, wasiziache zikachanika. Wauguzi wetu katika zahanati, hata kama foleni ni ndefu, wamwandike kila mgonjwa kwa ukweli. Wala tusiandike tusichokiona. Tukishaandika tulichokiona, tuwe wanyenyekevu katika kusema sababu yake, tukijua kwamba atakuja mwingine atakayeona zaidi. Karatasi za Mengo zilipofunguliwa zilikuwa na jasho la mtu mkweli, na kwa sababu hiyo ziliweza kutumiwa hata kupima maneno yake mwenyewe.

Tumshukuru Mungu kwa ajili ya Albert na Katharine Cook, kwa ajili ya wapagazi waliobeba dawa kutoka Mombasa, kwa ajili ya wakunga waliojifunza Namirembe, na kwa ajili ya wagonjwa wote ambao majina yao yamo katika vitabu vile. Nasi tuanze na kitabu kilichoko katika sakristia yetu. Jumapili hii baada ya ibada, tukifungue tuone ukurasa wa mwisho uliandikwa lini.